Vikombe Vinne na Mtamba wa Mzee Kisyeri

Jumatatu, 12 Mei

Mapigo ya moyo baada ya chai: tisini na nne kwa dakika. Nimehesabu mara mbili. Sababu inajulikana. Jana baada ya ibada niliitangazia kwaya nzima kwamba nimepata kazi kule kambini. Sijapata. Nimepata tangazo la kazi. Ni vitu viwili tofauti, lakini akina mama wa sauti ya kwanza walishapiga vigelegele na sikuona upenyo wa kuingiza sahihisho.

Kazi yenyewe: mwandishi wa kitabu cha zamu, kambi ya watalii upande wa Ikoma. Kila asubuhi walinzi wanne wanatoka lindoni na kueleza waliyoyaona, waliyoyasikia na waliyoyadhani. Mwandishi anayaandika kwa Kiingereza, bosi anayasoma akinywa kahawa. Kazi ya kukaa. Kivulini. Kalamu mbili, nyeusi na nyekundu. Nilizaliwa kwa ajili yake! Nimekuwa katibu wa kitongoji miaka sita na daftari langu la kaya halijafutwafutwa popote.

Vinatakiwa vitu viwili. Mtihani wa Kiingereza, Jumatatu ijayo saa tatu asubuhi. Na barua ya utambulisho yenye sahihi na muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti wetu ni Mzee Kisyeri, tunaelewana siku zote. Barua si tatizo. Tatizo ni Kiingereza. Kidato cha nne nilipata D, na hata hiyo nadhani walinionea huruma.

Mke wangu Kezia ameshawaambia wenzake wa kikundi. Wameshaleta majina ya watoto saba ambao nitawaombea kazi nikishakaa. Orodha iko mezani, imebanwa na kopo la chumvi. Kila nikitia chumvi naiona.

Jioni, habari mbaya. Jackson naye anaomba kazi ileile. Jackson! Jirani yangu wa upande wa kisima. Alikaa miaka miwili Isebania, ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya, akiosha vyombo hotelini, akarudi na Kiingereza cha mvua ya mawe: kingi, kinaumiza, hakina mpangilio. Kanikuta njiani akaniuliza niaje msee, nasikia wewe umeshaajiriwa, sasa mimi huo mtihani naenda kufanyia nini? Akacheka mpaka akashika mti. Niliinama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Jumanne, 13 Mei

Nimeenda kwa Mwalimu Agness, aliyefundisha Kiingereza sekondari mpaka alipostaafu mwaka juzi. Nilimkuta uani na magunia mawili ya mahindi. Shikamoo, marahaba. Nikaeleza shida. Akasema sawa, atanifundisha, ila mikono yangu isikae bure. Nimejifunza nikipukuchua.

Akanipa sentensi: mlinzi alisema fisi amepita. Niigeuze Kiingereza. Nikaigeuza. Akaitazama kama mtu anavyomtazama mbuzi aliyeingia kanisani.

Maelezo yake, nayanakili kama alivyoyasema. Mlinzi anasema asubuhi. Fisi alipita kabla. Sisi kwa Kiswahili tunasema "alisema fisi amepita", tunamwacha fisi hapohapo, na hakuna anayelalamika. Mwingereza hakubali. Ukishaandika alisema, alidhani, alijua, aligundua, basi jambo lililotangulia lazima lirudishwe nyuma ya huyo msemaji na lifungwe kamba huko. Kamba yenyewe ni neno dogo: had. Fisi lazima abaki nyuma ya mlinzi. Ukimwacha mbele, bosi atadhani bado yuko getini, atamwaga kahawa.

Nimeelewa kabisa! Akanipa tano za kujaribu. Nikakosa nne. Kichwani namfunga fisi vizuri, kalamu ikifika inamfungua. Mwalimu akasema mura, kijana wangu, wewe si mjinga, wewe una haraka. Kinachotakiwa ni sentensi mia mbili, si akili. Akanisogezea gunia la pili.

Malengelenge: kidole gumba, viwili. Mapigo: tisini na nane.

Jumatano, 14 Mei

Nimepata mbinu! Sijui kwa nini haijagunduliwa mapema.

Kitabu cha mazoezi kinazungumzia John na Mary. John simjui. Mary simjui. Akisema kitu hakinikai kichwani. Nikachukua daftari la kaya za kitongoji, lenye watu ninaowajua, nikakata vikaratasi, nikapanga vikombe vinne vya chai mezani. Kikombe cha kwanza: anayesema. Cha pili: kusema au kufikiri kwenyewe, yaani alisema, alidhani, alijua, alishuku, alikiri. Cha tatu: aliyetenda. Cha nne: tendo, yale ambayo mlinzi angeweza kuripoti. Kuvunja uzio. Kulala lindoni. Kula mbuzi. Kuficha mtamba. Kuingia kwenye tangi la maji. Natikisa, nachomoa kikaratasi kimoja kila kikombe, namfunga fisi, naandika. Nikiwa na haraka haidhuru, vikombe havina haraka.

Nimemtanguliza Mzee Kisyeri na mkewe Mokami kwenye vikaratasi, kwa heshima, maana ndio kaya namba moja.

Kufikia saa tano nilikuwa na sentensi arobaini na nne. Kila moja ina namba, tarehe na saa. Ya sita: Simioni, kamanda wa sungusungu, alikiri kwamba Mwalimu Agness alikuwa amekula mbuzi. Ya kumi na moja: Kezia alishuku kwamba Jackson alikuwa ameingia kwenye tangi la maji. Hiyo nimeiwekea nyota. Ya kumi na saba nimeipigia mstari mwekundu, imekaa sawa kuliko zote: Mokami knew that Kisyeri had hidden the heifer. Mokami alijua kwamba Kisyeri alikuwa ameficha mtamba. Kamba imekazwa! Fisi hatikisiki!

Kezia kauliza tutanywea chai nini. Nimemwambia bakuli.

Mchana nikaenda kwa Mzee Kisyeri kwa ajili ya barua. Nilimkuta anaosha mabuti yenye tope hadi magotini, ingawa mvua haijanyesha tangu Jumapili. Akasema nije Ijumaa, sasa ana mawazo. Jumamosi wakwe zake wanatoka Kemambo kuchukua ng'ombe wa mwisho wa mahari ya kijana wake. Wamemchagua wenyewe tangu Januari: yule mtamba mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, ambaye mama yake hakauki maziwa hata kiangazi. Alipofika hapo aliacha kusugua, akatazama mlima. Nikamhurumia. Nikaona pia ni nafasi ya mazoezi. Nikafungua daftari nikamuuliza leo alfajiri alikuwa ameona nini, na alipokiona alidhani nini.

Akauliza nani kanituma.

Nikasema hakuna, najifunza tu. Nikaandika jibu lake. Akalitazama daftari muda mrefu. Hakunikaribisha uji. Mara ya kwanza kwa miaka sita.

Nikampitia Simioni, nikamuuliza hivyohivyo. Na mwenye mashine ya kusaga. Na watu watatu wa kisimani. Wote wamekuwa na majibu mafupi. Watu wa hapa hawajazoea elimu.

Alhamisi, 15 Mei

Mapigo hayahesabiki. Naandika kwa mpangilio ili nitulie.

Jana nilijirekodi kwenye simu nikizisoma sentensi zote arobaini na nne. Leo kulipopambazuka nikakaa nyuma ya nyumba, visikilizio masikioni, macho nimefumba, sauti mpaka mwisho. Kezia alikuwa ameenda kisimani. Nikasikiliza mara tatu. Kama saa nzima. Nilijisikia mwenye furaha.

Nilipofumbua macho kitongoji kilikuwa kimya. Nikatoka njiani. Wanawake tu. Watoto. Mbwa hakuna. Mama mmoja akanitazama kama anayemwona maiti ananunua sukari. Akaniuliza kama ninaumwa. Nikasema siumwi. Akasema basi afadhali ungekuwa unaumwa.

Yowe lilikuwa limepigwa! Mtamba wa Mzee Kisyeri hayumo zizini! Kila mwanamume ametoka na mkuki, upinde, rungu, kufuata nyayo. Kila mwanamume ila mimi. Na hapa kwetu yowe la ng'ombe likilia anatoka hata mwenye homa, hata mchungaji wa kanisa. Anayebaki nyumbani ama ni mwizi, ama anamjua.

Nilifikiri haraka. Nikachukua rungu. Nikajimwagia ndoo ya maji shati zima, liwe kama jasho. Nikakata kwa nyuma kupitia shamba la mihogo, nikajificha kwenye kichaka cha njia ya kijitoni, nikawasubiri wanaorudi. Walipokaribia nikajitokeza mbele yao nahema, kama mtu aliyetangulia kufuata nyayo mbali zaidi.

Simioni akauliza nilikuwa wapi. Nikasema mbele.

Akasema mbele alikuwa yeye.

Jackson alikuwa nyuma yake, jasho la kweli likimchuruzika, mwiba mguuni, shujaa mzima. Akanigusa bega. Akasema ajabu, jasho la Thadeo ni baridi kama maji ya mtungi, na linanuka Foma. Ndoo ile Kezia alikuwa ameloweka nguo.

Nyayo zilifika kijitoni zikapotea kwenye maji. Mzee Kisyeri alikuwa ameketi juu ya jiwe, kichwa mikononi. Nikampa pole. Hakuinua kichwa, ila jicho moja lilinifuata. Sijui kwa nini, nikakumbuka yale mabuti.

Halafu nikasahau, kwa sababu Simioni alikuwa anauliza kwa nini siku moja kabla ya wizi nilizunguka na daftari nikiuliza watu wameona nini.

Ijumaa, 16 Mei

Siku ya barua. Nilivaa shati la kwaya. Nilifika saa mbili.

Uani kwa Mzee Kisyeri watu kumi na watano, wamekuja kumpa pole. Shikamoo nyingi. Zilizojibiwa, chache. Simioni akaniomba daftari. Nikampa, maana mtu asiye na hatia hafichi daftari. Kiingereza kilimshinda. Jackson akajitolea, eti asaidie jamii.

Akaanza kusoma. Akafika pale Simioni alipolala lindoni. Akatafsiri kwa furaha iliyopita kiasi. Simioni akauliza tarehe gani alilala. Nikasema hakulala, ni mfano. Akauliza mfano wa nani. Nikasema mfano wa had. Akasema huyo Hadi hamjui, ila akimpata atamweleza.

Jackson akafungua ukurasa wa pili. Kidole kikatambaa kikafika mstari mwekundu. Kikasimama. Akatazama juu, akatazama chini. Hakulijua neno! Miaka miwili Isebania na neno moja la ng'ombe limemshinda, mbele ya watu kumi na watano! Akaniuliza taratibu, kwa kuona aibu, hili heifer ni nini.

Furaha ilinipanda kama soda. Nikasimama. Nikajibu kwa sauti ya kwaya: MTAMBA!

Vichwa vyote vikageuka.

Kuku mmoja akapita katikati yetu.

Jackson akasoma tarehe. Jumatano. Saa nne na dakika ishirini asubuhi. Siku nzima kabla ya mtamba kuibiwa.

Simioni akafunga daftari. Akasema halisomwi tena hata neno moja mpaka mbele ya watu wote, kesho, kwenye ritongo. Kikao hicho cha kijiji hakina rufaa. Likikutia hatiani kwa ng'ombe, unalipa ng'ombe. Likikasirika, unahama. Nina ng'ombe mmoja, na sina pa kuhamia isipokuwa kwa shemeji yangu anayekoroma.

Mzee Kisyeri akasema hata yeye anasikitika. Akanitazama kwa huruma kubwa, kubwa kuliko ya jana, akasema mwenyekiti hawezi kumtambulisha mtu ambaye kesho huenda si mtu wa hapa. Muhuri ulikuwa mezani. Nilikuwa naweza kuugusa! Nikamuuliza kama anaweza kusaini kwa sasa na kufuta baadaye. Akasema hapana.

Nikiondoka nikamwona anamwandikia Jackson barua yake. Akapuliza wino ukauke.

Kezia kasema aliniambia vile vikombe vina mkosi. Hakuniambia. Nimeangalia kumbukumbu, aliuliza tu tutanywea chai nini.

Jumamosi, 17 Mei

Naandika haraka kabla sijasahau mpangilio.

Ritongo limefanyika uwanja wa josho. Watu labda mia mbili. Wakwe kutoka Kemambo walikuja, wazee wawili wenye kofia, wakaketishwa kwenye viti vya mbele. Walishaambiwa mtamba ameibiwa na kwamba mwizi ndiye huyu aliyevaa shati la kwaya. Waliniangalia bila chuki, kama watu wanaoangalia bei.

Kezia akaletwa na vikombe vinne kwenye sinia. Nikaamriwa nieleze. Nikaeleza kwa utaratibu: majina yanaingia hapa, mawazo hapa, matendo hapa, natikisa, nachomoa, kinachotoka naandika. Nilidhani nimeeleza vizuri. Mzee mmoja wa nyuma akauliza hivi vikombe nimepewa na nani. Nikasema ni vya harusi. Mwingine akauliza navitikisa nikiwa nimeelekea upande gani. Bibi mmoja akasema yeye alijua zamani, hata mama yake Thadeo alizaliwa na kidole cha ziada. Nikasema mimi si mpiga ramli, mimi ni besi! Naimba besi!

Simioni akaniuliza, nijibu ndiyo au hapana: niliandika habari za mtamba kabla hajapotea? Ndiyo. Nani aliniambia? Hakuna. Basi nilijuaje? Nikatafuta neno la kweli, na la kweli lilikuwa moja tu. Nikasema vilitoka kwenye vikombe.

Kelele. Mpaka ng'ombe wa joshoni wakageuka.

Ikaamriwa nisome yote, kuanzia ya kwanza, kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili. Nikashika nguzo ya josho. Nikaanza. Kwenye ya sita, Mwalimu Agness aliposikia kwamba amekula mbuzi, akasema kwa sauti kwamba mbuzi hamjui lakini sentensi ni sahihi. Watu wakacheka. Kwenye ya kumi na moja, Jackson kwenye tangi la maji, wakacheka zaidi, na mtu akapaza sauti ndiyo maana maji yana ladha ya Isebania. Kezia akauliza mbele ya wote kwa nini katika watu wote yeye ndiye amshuku Jackson, yeye na Jackson wana nini? Nikasema ni vikombe. Nikaona uso wake, nikaendelea haraka.

Ya kumi na mbili. Ya kumi na tatu. Watu wameanza kutulia, wengine wanasubiri majina yao. Nikaanza kupata matumaini.

Ya kumi na saba. Mokami knew that Kisyeri had hidden the heifer. Nikaitafsiri. Mokami alijua kwamba Kisyeri alikuwa ameficha mtamba.

Nikafungua mdomo kwa ya kumi na nane. Haikutoka. Mama Mokami alikuwa amesimama.

Akasema yeye hajamwambia mtu! Hata dada yake hajamwambia! Akasema tangu mwanzo alimwonya mzee kwamba ataonekana pale kijitoni na mnyama, naye akajibu Jumatano alfajiri hakuna macho, na yowe atalipiga kesho yake. Akasema mtamba yuko kwa kaka yake, hajambo, anakula majani mazuri kuliko hapa. Na vikombe vya watu vinyamaze sasa, visije vikafika na kwenye ile habari ya...

Mzee Kisyeri akamwita jina lake. Mara moja tu. Mama Mokami akaketi.

Nilisikia maji ya josho yakidondoka. Mzee mwenyekiti alitazama ardhi, kofia yake ameishika kwa mikono miwili, na kwa muda mfupi hakuwa mwenyekiti wa mtu yeyote, alikuwa mzee tu aliyempenda ng'ombe wake.

Kisha mkwe mmoja wa Kemambo akainuka taratibu. Akashukuru kikao. Akauliza kwa adabu kama vikombe vinaweza pia kuwaonyesha njia ya kwenda kwa huyo kaka, maana jua linapanda. Uwanja ukalipuka. Watu walilia kwa kucheka. Simioni alilia.

Hukumu. Mzee Kisyeri: dume moja lichinjwe kwa ajili ya wanaume waliokimbia bure na kuchomwa miiba. Wakwe: mtamba wao, na mbuzi wa pole. Mimi: sina hatia ya ng'ombe! Ila beberu mmoja kwa kutoitikia yowe, na kuku mmoja kwa kusema nilikuwa mbele.

Mwalimu Agness kalipitia daftari lote, kisha kanishika mkono. Kasema arobaini na nne zote, fisi amefungwa. Hajakuta kosa hata moja. Nusura nilie.

Jumapili, 18 Mei

Mapigo: themanini. Mtu huru.

Kesho ndio mtihani. Kilichobaki ni barua tu. Kwa kuwa jambo limekwisha na haki imeonekana, mara baada ya ibada nikaenda kwa Mzee Kisyeri. Nilimkuta amesimama ndani ya zizi, mahali alipokuwa analala yule mtamba. Shikamoo. Akakawia. Marahaba.

Nikamkumbusha barua. Akasema muhuri umepotea. Ulikuwa kwenye mfuko wa shati lake. Umbo lake lilionekana, na doa la wino la zambarau. Nikaona nimsaidie kufikiri, nikamuuliza alipogundua kwamba umepotea alikuwa ameuweka wapi. Akaokota fimbo.

Nyumbani nikakuta watu sita mlangoni. Bibi amepoteza jembe. Kijana anataka kujua kama mchumba wake wa Nyamisangura, kule Tarime mjini, kweli yuko kwenye semina. Mzee mmoja kanong'ona kwamba vikombe vitazame yale mabati ya darasa la tatu yaliyoletwa mwaka jana na hayajapanda juu ya darasa. Nikawaambia vikombe ni vya sarufi. Simioni, ambaye alikuja wa mwisho na kwa njia ya nyuma, akauliza huyo Sarufi anapokea kuku wa rangi gani.

Nimewarudisha wote. Mimi ni Mkristo. Ila habari ya mabati nimeiandika pembeni, ni tendo zuri, lina urefu unaofaa.

Kezia bado anauliza kwa nini Jackson.

Jumatatu, 19 Mei

Nimefika kambini saa mbili kasorobo. Mtihani saa tatu. Mlinzi wa getini akaomba barua. Nikamweleza historia yote, tangu malengelenge. Alisikiliza vizuri. Akasema bila barua haingii mtu, ndivyo alivyoagizwa. Jackson akapita pembeni yangu na barua yake mkononi. Wino ule wa zambarau.

Nikasimama nje ya geti. Mlinzi akaniambia, kwa kunifariji, kwamba alidhani mimi nimeshaajiriwa, maana alikuwa amesikia kanisani. Nikatoa kalamu. The guard said he thought I had been hired. Alisema! Alidhani! Na kamba iko mahali pake, nyuma ya yote mawili! Sentensi bora kuliko zote za maisha yangu. Nikatazama huku na huku nimwonyeshe mtu. Kulikuwa na ngiri.

Saa nne na nusu Jackson akatoka. Amepata. Kanieleza mwenyewe mtihani ulivyokuwa, akitembea kinyumenyume ili nimwone usoni. Mlinzi mmoja kaletwa, kasema usiku kaona nyati. Jackson kaandika kwa namna yake, nyati mbele, mlinzi nyuma, hakuna kilichofungwa. Bosi kasema Kiingereza kitanyooshwa taratibu, wao wanahitaji mtu ambaye kwao wanamwamini na ambaye hatangazi ya watu. Jackson akasema pole msee. Nadhani alimaanisha. Hiyo ndiyo imeniuma zaidi.

Njia ya kurudi ni ndefu. Nilikutana na mama wa sauti ya kwanza. Akauliza kazi inaendeleaje. Nikasema wameniambia nianze Julai.

Kezia aliichukua ile orodha ya majina saba chini ya kopo la chumvi, akaikunja, akaiweka kifuani mwake. Nilitamani anigombeze.

Jumanne, 20 Mei

Nimeamka na akili safi. Mapigo: sabini na mbili!

Kwanza, habari. Kambi itahitaji mwandishi wa pili, mwezi wa saba. Mlinzi wa getini kanipigia. Kwa hiyo sikumdanganya yule mama, nilitangulia tu. Pili, barua inaweza pia kutoka kwa mtendaji wa kijiji. Mtendaji wetu ni Ndugu Joram, mtu wa ofisi, mtu wa mafaili, hana ng'ombe hata mmoja wa kuficha.

Nimechambua kosa lililofanyika. Halikuwa la vikombe. Kosa ni kwamba Mzee Kisyeri hakuonyeshwa daftari mapema. Laiti ningempelekea sentensi ya kumi na saba siku ileile ya Jumatano, akaisoma mwenyewe, tukiwa wawili tu, angeona kwamba sina nia mbaya. Watu hukasirika wakishtukizwa.

Nimeanza daftari jipya. Nimeongeza kikombe cha tano, yaani lile bakuli: mahali. Kezia anakunywa chai kwenye kifuniko cha chupa. Kwa heshima nimemtanguliza Ndugu Joram na mkewe Irine kwenye vikaratasi, na kwenye matendo nimeongeza yale mapya ya juzi, yasiharibike.

Nimetikisa. Nimechomoa. Ya kwanza kabisa, na imetoka safi, mstari mwekundu: Irine suspected that Joram had sold the iron sheets in Nyamisangura. Irine alishuku kwamba Joram alikuwa ameuza mabati Nyamisangura. Kamba imekazwa. Nimeweka namba, tarehe na saa.

Kesho saa mbili, ofisi ikifunguliwa tu, nampelekea aisome mwenyewe, kabla mtu mwingine yeyote hajaiona.